Bakteria Wanaosafiri Wakiwa Wakavu

Ebola ilipoingia Kalunguta, Butembo na Beni, mashariki mwa Kongo, kati ya mwaka 2018 na 2020, wakazi waliona jinsi baridi ilivyo na gharama. Chanjo ilihifadhiwa kwenye nyuzi 60 hadi 80 chini ya sifuri, katika eneo ambalo vijiji vingi havina umeme. Watu zaidi ya 300,000 walichanjwa.

Bakteria wa mtindi hawadai baridi kali kiasi hicho, ila nao ni viumbe hai, na wakikaa majimaji kwenye joto hudhoofika upesi. Ng'ambo ya mpaka wa Kasindi, nchini Uganda, wasindikaji wadogo wa maziwa hutumia pakiti za Yoba: gramu moja ya unga wa bakteria waliokaushwa hutosha lita 100. Ndani yake mna aina mbili. Lactobacillus rhamnosus amechunguzwa sana kwa uwezo wake wa kupunguza kuhara kwa watoto, lakini hawezi kuivunja sukari ya maziwa. Streptococcus thermophilus ndiye anayemvunjia.

Ili wawe unga, bakteria hugandishwa, kisha huwekwa kwenye chombo kisicho na hewa, barafu ikatoka kama mvuke bila kuyeyuka. Hapo wengi hufa: maji yakiondoka, utando wa seli huharibika na protini hupoteza umbo. Viwanda huwachanganyia sukari au maziwa yasiyo na mafuta kuwakinga, lakini sehemu kubwa ya kinga hiyo hubaki nje ya seli.

Mwaka 2006, watafiti wa Ghent, Ubelgiji, waliipeleka kinga ndani. Walimpa bakteria Lactococcus lactis jeni za bakteria mwingine, Escherichia coli, zinazotengeneza trehalosi, sukari inayoshika nafasi ya maji ndani ya seli. Baada ya kukaushwa, karibu bakteria wote walikuwa hai, na walidumu ghalani muda mrefu zaidi. Lengo la watafiti hao lilikuwa dawa ya uvimbe wa matumbo.

Bakteria hao waliobadilishwa jeni hawamo katika pakiti za Yoba, na kwa Kalunguta si lazima kuwasubiri. Elimu ya jeni inaweza pia kuonyesha ni bakteria gani wa asili wanaovumilia ukavu. Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben, Butembo, kina vitivo vya kilimo na udaktari wa mifugo. Wasomi wake wakusanye maziwa yaliyochachuka kwa wafugaji wa Beni na Lubero, wawakaushe bakteria waliomo, wasome jeni za watakaosalia, na aina bora wawarudishie wafugaji hao zikiwa kwenye pakiti.