Nasaba ya Blogu

Katika Murongo, mji wa mpakani wilayani Kyerwa ambao mto Kagera ndio unaoutenga na Kikagati ya Uganda, kijana asomaye habari katika simu yake hulitamka neno "blogu" kama atamkavyo soko au daraja, wala hashuku kuwa neno hilo fupi lina nasaba ndefu iliyopitia baharini.

Mwaka 1997 Mmarekani Jorn Barger, akitafuta jina la kurasa alizokuwa akiweka humo mambo aliyoyasoma mtandaoni, aliunga maneno mawili ya Kiingereza, "web", yaani utando, na "log", yaani daftari ya safari, akapata "weblog". Na mwaka 1999 Peter Merholz, kwa mzaha, akalikata neno hilo pasipo kiungo, "we blog", hata herufi ya mwisho ya utando ikanasa kichwani mwa daftari, nayo ndiyo hiyo b tuitamkayo hadi leo. Ama "log" yenyewe, asili yake ni gogo: mabaharia wa Ulaya walikuwa wakitupa majini ubao uliofungwa kamba yenye mafundo, wakihesabu mafundo yaliyowapita mkononi kwa muda maalumu ili waujue mwendo wa merikebu, kisha wakauandika daftarini, na daftari ikarithi jina la gogo. Hapa ndipo nifurahipo mno, kwa kuwa Kiswahili cha pwani tangu zamani kina neno lililobeba maana hizo mbili pamoja, nalo ni batli: hutiwa batli majini kupima mwendo wa chombo, na habari za safari huandikwa katika batli.

Watanzania waliotangulia kuandika mtandaoni, miongoni mwao Ndesanjo Macha wa blogu ya Jikomboe, hawakuridhika na mkopo mtupu, bali waliunda "gazeti tando", neno la heshima ambalo, kwa rai yangu, lilistahili umri mrefu zaidi. Naye mpiga picha Issa Michuzi aliiita blogu yake Globu ya Jamii, herufi zikageuzana mahali, hata jina likakutana na globu ya taa.

Lakini blogu ilishinda, kwa kuwa ilikubali viambishi vyetu bila ukaidi, tukapata mwanablogu, wanablogu na kublogu. Na zilipotoka nchini Tanzania kanuni za maudhui ya mtandaoni mwaka 2018, waliosemwa kila mahali kuwa yawapasa kukata leseni walikuwa ni wenye blogu, na magazeti tando hayakutajwa.