Ushonaji wa Mfarishi wa Viraka kwa Matumizi ya Nyumbani



Katika mkutano mkuu wa chama chetu cha msingi, akina mama kadhaa waliuliza kama kikundi cha ushonaji chaweza kuanzishwa chini ya chama, ili katika ile miezi ambayo korosho zimekwisha kuuzwa na palizi haijaanza mikono isikae bure. Kwa kuwa ilijulikana kwamba mimi, mtunza hesabu wa chama, nimekwisha kushona mifarishi miwili ya viraka, niliagizwa nieleze kazi hiyo ilivyo. Yafaa nikiri tangu mwanzo kwamba mimi si fundi bali ni mwanagenzi, na mengi nitakayoyaeleza niliyajua baada ya kuyakosea.

Mfarishi ninaousema ni shuka nene la kujifunikia, lenye matabaka matatu: la juu la viraka vilivyounganishwa, la kati la kuleta joto, na la chini la kuficha mishono. Wageni hudhani kwamba huku Mtwara hakuna baridi. Aliyelala Msimbati au Mahurunga usiku wa mwezi wa Julai, kusi ikivuma na nyumba ina madirisha ya nyavu tu, anajua kwamba kanga moja haimtoshi mtoto mdogo.

Kazi yenyewe si ngeni kwetu kama inavyodhaniwa. Mkeka wa ukindu ni ukili mwembamba uliosukwa kwanza, kisha ukaungwa upande kwa upande mpaka ukapatikana upana wa kulalia. Mwenye kuunga mkeka hawezi kushindwa kuunga viraka. Hata kanga yenyewe ina asili ya kuungwa. Inasimuliwa kwamba katika karne ya 19 wanawake wa pwani walinunua leso za kuchapwa zikiwa bado hazijakatanishwa, wakatwaa sita, wakazigawa tatu tatu, kisha wakazishona pande hizo mbili zikawa vazi moja. Ndiyo maana mpaka leo watu wa Mombasa na Lamu huiita kanga leso.

Nilianza kushona kwa sababu ya msiba. Baada ya arobaini ya mama yetu, kanga zake ziligawanywa baina yetu, na mimi nilipata vipande saba. Baadhi vilikuwa vimechakaa hata havifai kuvaliwa, na kuvitupa sikuweza. Nikawaza kwamba wajukuu wake, ambao wawili kati yao hawakumdiriki, wangeweza kulala chini ya nguo za bibi yao. Niliposema neno la kukata, kaka yangu alinyamaza, na dada yetu mkubwa akasimama kabisa. Aliniuliza nitaukataje ujumbe aliouvaa mama kifuani. Jambo hilo lilikaa miezi mitatu bila kuguswa. Hatimaye tulikwenda kwa mama mkubwa, dada yake marehemu, ambaye ndiye mwenye neno katika mambo kama hayo. Alizipokea kanga, akazikunjua moja moja, akasema kwamba mji na pindo vikatwe, lakini jina la kanga lisipitiwe na mkasi. Hivyo ndivyo nilivyofanya. Kila ukanda wenye maandishi niliutoa mzima na kuuweka kwenye ukingo wa mfarishi, upande wa kichwani.

Sasa nieleze kazi. Kitambaa cha zamani hakina budi kufuliwa na kukaushwa, kisha kiinuliwe juani. Pale ambapo mwanga unapita kama kwenye chujio, paachwe, kwani kiraka kilichochoka hupasuka pembeni mwa mshono na kuwachosha jirani zake. Kitambaa kipya nacho kifuliwe mara mbili kabla ya kukatwa. Mimi niliona vipande vyangu vya rangi nyekundu havitoshi, nikaongeza kanga mpya bila kuifua. Siku ya kufua mfarishi, wekundu ulihamia katika viraka vyeupe vyote vilivyopakana nao, na ile kanga ikarudi ndani ikivuta mishono. Mfarishi huo wa kwanza ninao mimi mwenyewe. Sikuthubutu kumpa mtu.

Kipimo changu kilikuwa kiraka cha mraba cha sentimeta 22, nikihesabu sentimeta 1 ya mshono kila upande, ili kikishaungwa kibaki sentimeta 20. Viraka 6 kwa upana na 8 kwa urefu ni viraka 48, navyo hutoa shuka la sentimeta 120 kwa 160, linalomtosha mtoto mpaka aanze shule na zaidi. Kipande kimoja cha kanga chenye urefu wa sentimeta 150 na upana wa 105 hutoa viraka 24 kikiwa kizima. Kwa hiyo doti moja ingetosha. Lakini nguo iliyovaliwa miaka mingi si nzima, na mimi nilitumia vipande vitano.

Hapa ndipo palipo na kosa ambalo mtunza hesabu hana udhuru nalo. Badala ya kukata kipimo kimoja cha karatasi ngumu na kukitumia mpaka mwisho, nilikata kiraka cha kwanza, nikakiweka juu ya kitambaa na kukata cha pili, kisha cha pili nikakitumia kukatia cha tatu. Kila mara mkasi ulipita nje kidogo. Kiraka cha mwisho kilizidi cha kwanza kwa karibu sentimeta 2, na safu ya mwisho ilikataa kulingana na ya kwanza hata nilipoivuta. Ni sawa na karani anayenakili salio la jana bila kurudi kwenye stakabadhi. Kateni kipimo kutoka katika boksi la sabuni, kiandikwe neno KIPIMO, na kisiguswe kwa kazi nyingine.

Viraka huungwa kwanza safu kwa safu, kila mshono ukilazwa kwa pasi, halafu safu ndizo zinazounganishwa. Mwenye cherehani atamaliza sehemu hiyo kwa siku mbili. Mimi nilishona kwa mkono, kwa uzi wa pamba uliopitishwa katika nta ya nyuki ili usifumane, na ninashauri mwanagenzi aanze hivyo, kwa sababu mkono huonya mapema kitambaa kinapokataa. Subana, yaani kile kikofia cha chuma cha kuvaa kidoleni, nilikidharau kwa wiki moja tu.

Tabaka la kati lilinifundisha kwa gharama. Nilijaza sufi, nikifikiri kwamba kinachofaa kwa mto kitafaa kwa shuka. Baada ya kufuliwa mara moja, sufi yote ilikusanyika katika pembe mbili kama mihogo katika kikapu. Katika mfarishi wa pili niliweka blanketi kuukuu lililochanika katikati, ambalo halikuwa na kazi nyingine, na hilo limetulia. Wengine waliniuliza juu ya magunia ya korosho. Mbali na kwamba magunia hayo huhesabiwa na yana mwenyewe, jute hukwaruza ngozi na vumbi lake halitoki, yaachwe ghalani. Matabaka yote matatu yapigwe bandi kwa mishono mirefu ya muda kuanzia katikati kwenda pembeni, ndipo yashonwe pamoja kwa mistari isiyopishana zaidi ya upana wa kiganja. Asiyefuata hivyo atakuta tabaka la chini limejikunja, na atalazimika kufumua.

Njia hiyo si ya pekee. Katika jimbo la Karnataka, huko India, wako Wasiddi, ambao mababu zao walitoka Afrika, wakiwamo waliochukuliwa na Wareno kutoka Msumbiji, ng'ambo ya Ruvuma yetu, hadi Goa. Wanawake wao hushona mifarishi iitwayo kawandi. Wao hawaungi viraka kwanza. Hutandika nguo kuukuu, kwa kawaida sari, huanza kuweka viraka kwenye ukingo, na hushona wakizunguka kuingia ndani mpaka wakutane katikati, mshono uleule ukiunga kiraka na matabaka kwa pamoja. Katika pembe nne huweka vipande vidogo vilivyokunjwa pembetatu, ambavyo huviita maua, na mfarishi usio na maua hayo kwao haujakamilika. Mwaka 2004 baadhi yao walianzisha ushirika wa kuuza kazi hiyo. Nimeijaribu njia yao kwenye kipande kidogo na ninaiona inamfaa zaidi mwenye vipande visivyolingana, yaani wengi wetu.

Hilo lanirudisha kwenye swali la mkutano, la kuuza. Mfano unaojulikana zaidi ni wa Marekani. Mwezi Machi 1966, katika wilaya ya Wilcox, jimbo la Alabama, wanawake weusi waliokuwa maskini sana, wengi wao wakiishi kwa kulima mashamba ya wengine, waliunda ushirika wa mifarishi ulioitwa Freedom Quilting Bee. Wakati huo watu walikuwa wakifukuzwa katika ardhi kwa sababu ya kujiandikisha kupiga kura. Mifarishi yao iliuzwa New York, na kwa fedha hizo ushirika ulinunua ardhi na kujenga jengo lake la kushonea mwaka 1969, na sehemu ya ardhi ikauziwa familia zilizofukuzwa. Haya ni mafanikio makubwa. Lakini maduka makubwa yalitaka mifarishi inayofanana, yenye kipimo kimoja na mshono mmoja, na wanawake waliozoea kushona kila mmoja kwa fikra yake walilazimika kufuata michoro ya mnunuzi. Tangu 1972 kazi kubwa iliyowaletea mishahara ilikuwa foronya za kodrai kwa kampuni ya Sears. Ushirika huo ulifungwa mwaka 2012.

Ndugu makatibu watapenda tarakimu za hapa kwetu. Niliandika saa zangu katika daftari. Mfarishi wa kwanza, pamoja na kufumua, ulichukua saa 71; wa pili ulichukua saa 58, sawa na jioni 29 za saa mbili mbili. Nikiuza kwa bei ya blanketi la dukani na kuigawa kwa saa hizo, sipati hata ujira wa kibarua wa kupalilia mikorosho. Kwa hiyo maoni yangu ni kwamba kikundi kianzishwe, lakini mwaka wa kwanza kila mwanachama ashone kwa ajili ya nyumba yake, aandike saa zake, na daftari hizo ziletwe kwenye mkutano kabla chama hakijatoa senti moja ya mkopo wa vitambaa. Akitokea mnunuzi atakayelipa kwa saa na si kwa kilo, tutazungumza naye tukiwa na hesabu mkononi. Tumekwisha kuona katika kangomba nini humpata mkulima anayeuza kabla ya kupima.

Mfarishi wa pili ulikwenda kwa mtoto wa mdogo wangu, Kilambo. Anaulalia badala ya kujifunika, na nimeambiwa niache kulalamika. Wa tatu, wa mtoto wa kaka, una viraka 37 vilivyokwisha kuungwa, na kanga ya sita aliileta kaka mwenyewe bila kusema neno. Dada yetu mkubwa bado anavyo vipande vyake viwili sandukuni, vizima, na hakuna aliyemwomba. Wanaotaka kuona kazi wafike ofisini kwetu siku za Jumatano alasiri, kila mmoja na sindano yake, kwani za chama ni nne tu na moja imepinda.