Kabla Hujafunga Injini ya Trekta: Jinsi ya Kuchagua Pampu ya Oili Isiyokuangusha



Wiki hizi napigiwa simu nyingi na vijana walionunua trekta la mkononi, mengi Massey Ferguson 240 na 290, na sasa wanafumua injini kabla ya mvua. Maswali ni yale yale: pistoni gani, ringi gani, silivu za wapi. Pampu ya oili hakuna anayeiuliza. Leo tuizungumzie, maana mimi mwenyewe nimeshaona ikiua msimu.

Kikundi kimoja cha vijana katika bonde la Kilombero walichanga, wakakopa, wakanunua 290 iliyochoka. Injini ilikuwa imeshawahi kunoki, wakaifumua yote: krenki ikachongwa, beringi mpya, silivu mpya. Pampu ya oili fundi akaiosha kwa dizeli, akaizungusha kwa mkono, akasema "hii nzima". Mi nilikuwa nimesimama pale pale. Nikaulizwa, nikajibu fundi ndiye anayejua. Siku ya tatu ya kulima, mchana jua kali, taa ya oili ikaanza kuwaka trekta likipunguzwa moto. Dereva akikanyaga inazima, basi akaona si tatizo, akaendelea. Jioni injini ikaanza kugonga. Bigendi imekula krenki ile ile iliyotoka kuchongwa. Mpaka injini inarudi, mvua zimesonga, wateja wameshachukua trekta jingine, na marejesho ya mkopo yanadai.

Tulipofungua pampu tukakuta mfuniko wake una mikwaruzo inayokamata kucha. Vumbi la chuma la injini kunoki mara ya kwanza lilikuwa limepita humo, na valvu ya kupunguza presha ilikuwa imekwama wazi nusu. Hebu tujifunze kwa hasara hiyo.

Pampu haitengenezi presha

Hapa wengi tunakosea. Kazi ya pampu ni kusukuma oili. Presha unayoiona kwenye geji inatokea kwa sababu oili inabanwa ikipita kwenye nafasi nyembamba za beringi. Ni kama bomba la kumwagilia: ukiziba mdomo kwa kidole maji yanaruka mbali, ukiachia yanadondoka miguuni, ingawa mashine ya maji ni ile ile.

Kwa hiyo presha ikishuka, sababu zinaweza kuwa nyingi. Pampu imekwisha. Beringi zimepanuka. Oili imekuwa nyepesi kwa sababu dizeli inavuja kuingia kwenye sampu. Chujio la kunyonyea limeziba. Valvu imekwama. Au geji tu ni mbovu. Ukinunua pampu mpya ukaifunga kwenye injini yenye beringi zilizokwisha, umeongeza maji kwenye ndoo inayovuja.

Kwanza pima, ndipo ununue

Kama injini bado inawaka, usitegemee geji ya dashibodi. Mwambie fundi afungue swichi ya oili kwenye bloku, afunge geji ya mkono. Washa, fanyisha trekta kazi mpaka lipate moto kweli, ndipo usome. Injini ya baridi inadanganya, kwa sababu oili bado ni nzito.

Kwa injini nyingi za Perkins zilizo kwenye Massey hizi, kitabu kinataka psi 30 hadi 60 injini ikiwa na moto na ikizunguka mwisho. Trekta lako likiwa la aina nyingine, tafuta kitabu chake. Na nusa oili. Ikinukia dizeli na kimo kwenye kijiti kinapanda badala ya kushuka, anza kutafuta dizeli inaingilia wapi.

"Pampu kubwa zaidi si ndiyo nzuri?"

Swali hili linatoka kwenye video. Vijana wanaangalia mafundi wa Marekani wanaojenga magari ya zamani ya mbio, yale yanayoitwa hot rod, wanasikia habari za pampu yenye ujazo mkubwa na wao wanaitaka. Wale wana kanuni yao ya psi 10 kwa kila mizunguko 1000 ya injini kwa dakika, na injini zao zinaweza kufika mizunguko 6000 na zaidi. Trekta lako linafanya kazi kwenye mizunguko 2000 hivi. Ni mchezo tofauti.

Hata huko kwao mafundi makini hawaweki pampu kubwa bila sababu. Pampu kubwa inakula nguvu ya injini. Oili inayozidi mahitaji inarudishwa na valvu bila kufanya kazi yoyote zaidi ya kupata joto. Na ikinyonya haraka kuliko oili inavyorudi chini, sampu inaweza kubaki tupu na pampu ikavuta hewa. Kwa trekta chukua pampu ya saizi ile ile aliyoiweka mtengenezaji. Usimruhusu fundi aweke washa nyuma ya springi ya valvu ili geji ipande. Hiyo ni kumpaka mgonjwa poda.

Dukani angalia haya

1. Nenda na namba ya injini iliyogongwa kwenye bloku, usiende na jina la trekta peke yake. Trekta za jina moja zinaweza kuwa na injini tofauti.

2. Beba pampu ya zamani. Ziweke sambamba: hesabu meno ya gia, linganisha matundu ya bolti, urefu wa shafti na mahali bomba linapokaa. Tofauti ndogo ya urefu inatosha kuvunja kitu.

3. Zungusha shafti kwa vidole. Izunguke laini mzunguko mzima. Ikigoma sehemu moja au ikicheza huku na huku, iache.

4. Omba ufunguliwe mfuniko. Nyingi ni za rota mbili, ya ndani ina jino moja pungufu kuliko ya nje. Uso uwe laini, bila mchanga wa kiwandani wala vipande vya chuma. Weka rula ya chuma juu ya mwili wa pampu, pitisha filageji kati ya rula na rota. Nafasi hiyo inatakiwa iwe ndogo sana, chini ya milimita 0.1. Nafasi nyingine fuata kitabu cha injini.

5. Sukuma pistoni ndogo ya valvu ya presha. Iingie na kurudi yenyewe bila kukwama.

6. Dai risiti yenye jina la spea na namba yake. Muuzaji anayekataa kuandika risiti ameshakupa jibu. Boksi zuri si ushahidi, siku hizi spea feki zinavaa vizuri kuliko halisi.

Na ya zamani je, inafaa kurudishwa? Kama injini haijawahi kunoki, vipimo viko ndani ya kitabu na hakuna mikwaruzo, inaweza kurudi. Kama injini imeshanoki au imekula beringi, badilisha bila kubishana. Osha pia matundu yote ya oili kwenye bloku na krenki, la sivyo pampu mpya itameza uchafu wa zamani.

Siku ya kufunga

Bomba la kunyonyea likiwa na ufa au gasketi mbovu, pampu itavuta hewa hata kama ni mpya. Usijaze gundi ya gasketi. Inayobaki kwa ndani inakatika na kwenda kuziba chujio.

Jaza pampu oili safi kabla ya kuifunga na izungushe kwa mkono mpaka oili itoke. Kama filta inakaa wima mdomo juu, ijaze pia. Halafu usiwashe kwanza. Vuta kizimio ili dizeli isiende, piga stata kwa vipindi vifupi mpaka geji ipande au taa izime. Hapo ndipo uwashe. Sekunde za mwanzo bila oili zinaweza kula beringi mpya kabla trekta halijatoka karakana.

Baada ya hapo tumia oili ya daraja linalotajwa kwenye kitabu, na ile ya kwanza imwage mapema. Ikate filta uangalie ndani. Ukiona inametameta chuma, simama utafute chanzo.

Mwisho, ongea na dereva. Mwambie hivi: taa ya oili ikiwaka, hata kwa kupepesa, zima injini hapo hapo, hata kama imebaki nusu ekari. Asiogope kufokewa. Wale vijana wa Kilombero siku hizi wamebandika geji ya mkono mbele ya usukani, na dereva ana ruhusa ya kuzima trekta bila kumpigia mtu simu. Nami nikiulizwa tena kama pampu irudishwe, naomba filageji kwanza.

Kama unafumua injini wiki hii, niandikie aina ya injini na presha uliyoipata ikiwa ya moto, tuangalie pamoja. Msimu mwema.