Faiwoli yasoma bahasha, barua yapita bila kukaguliwa

Wafanyabiashara wanaounganisha matawi yao kwa njia ya intaneti wana swali la kumuuliza fundi kabla ya kulipa ankara nyingine ya ulinzi wa kompyuta: je, faiwoli waliyonayo inasoma kilichomo ndani ya handaki, au inaishia kwenye maandishi ya nje?

Swali hilo lina uzito wa fedha. Mwezi Januari 2025 watafiti wawili wa chuo kikuu cha KU Leuven, Ubelgiji, Angelos Beitis na Mathy Vanhoef, walitangaza kuwa wamegundua vifaa zaidi ya milioni 4 kwenye intaneti, zikiwamo seva za VPN na ruta za majumbani, vilivyokuwa vikipokea pakiti za handaki kutoka kwa mtu yeyote bila kuhakikisha ni nani aliyezituma. Mhalifu anaweza kutumia kifaa cha namna hiyo kuficha anwani yake, kushambulia wengine, na mara nyingine kupenya hadi mtandao wa ndani. Polisi au benki wakifuatilia, anwani wanayoikuta ni ya mwenye kifaa.

Faiwoli ni mkaguzi wa langoni. Kila pakiti ya data ina kichwa kinachoeleza imetoka anwani gani, inakwenda wapi, ni ya itifaki gani na inaelekea mlango namba ngapi. Faiwoli hulinganisha maelezo hayo na kanuni ilizopewa, moja baada ya nyingine, kisha huipitisha pakiti au huitupa.

Handaki huuvuruga ukaguzi huo. Tuseme tawi la Mwanza linataka kuwasiliana na ghala la Dar es Salaam kana kwamba yote mawili yamo katika jengo moja. Ruta huchukua pakiti nzima, pamoja na kichwa chake, na kuifunga ndani ya pakiti nyingine yenye kichwa kipya. Aliyewahi kutoa mzigo bandarini ataelewa upesi. Mkaguzi akiishia kwenye namba ya kontena na jina la mpokeaji, spea halali na magendo hutoka kwa hati moja.

Itifaki za mahandaki ni nyingi. GRE, iliyochapishwa mwaka 1994, hutambulika kwa namba 47 kwenye kichwa cha nje, na IPIP kwa namba 4. VXLAN, iliyochapishwa mwaka 2014, husafiri ndani ya UDP kwenda mlango 4789. Hii ya mwisho imependwa na wenye vituo vya kukodisha seva kwa sababu namba yake ya mtandao ina biti 24, yaani mitandao karibu milioni 16, wakati VLAN ya kawaida huishia 4,094. Wapangaji wengi hukaa juu ya nyaya zile zile bila kuonana. Lakini zote tatu, zikiachwa peke yake, hazithibitishi mtumaji wala hazifichi ujumbe. Fundi aliyeandika kanuni fupi ya "ruhusu GRE" ameruhusu kila kitu kitakachofungwa ndani yake.

Kwa muda mrefu dawa kwenye Linux ilikuwa kusubiri handaki lifunguliwe, kisha kukagua pakiti ikishatoka. Njia hiyo bado inafaa pale mashine yenyewe ndiyo mwisho wa handaki. Haiisaidii mashine iliyo katikati, inayopitisha mizigo ya wengine. Toleo la 6.2 la Linux, lililotoka Februari 2023, liliongeza katika nftables uwezo wa kulinganisha vichwa vya ndani kwa VXLAN, Geneve na GRE bila kufungua handaki.

Kanuni yake husomwa kwa hatua. Kwanza huangalia kama pakiti ni ya UDP na inakwenda mlango 4789. Kisha husoma kichwa cha VXLAN na namba ya mtandao, halafu anwani zilizomo ndani, na mwisho mlango wa ndani. Hivyo fundi anaweza kuruhusu mashine za mauzo za Mwanza zifike kwenye hifadhidata iliyo mlango 3306 tu, na mengine yote yatupwe, hata kama bahasha ya nje ni halali kabisa.

Programu hiyo ni ya bure. Gharama iko kwenye saa za fundi na kazi ya ziada ya prosesa. Handaki lenyewe lilikwishatoza ushuru wake, kwani VXLAN kwa kawaida huongeza baiti 50 juu ya kila pakiti, na kwenye njia ya baiti 1,500 huo si mzigo wa kudharau.

Hata hivyo, kanuni hizi hazioni ndani ya handaki lililosimbwa, kama IPsec au WireGuard. Hapo ukaguzi hufanyika mwisho wa njia, baada ya ujumbe kufumbuliwa. Muuzaji anayeahidi kifaa cha kusoma ndani ya handaki la aina hiyo bila ufunguo anauza hewa. Na kwa mawasiliano yanayopita intaneti ya wazi, usimbaji ndio wa kutangulizwa, kwa kuwa kuruhusu anwani ya tawi pekee hakutoshi. Anwani ya nje nayo hughushiwa.

Jambo dogo linaloharibu kazi nyingi ni mpangilio. Ile kanuni ya zamani ya "ruhusu GRE" ikibaki juu ya orodha, pakiti huruhusiwa pale pale na kanuni mpya iliyo chini yake haifikiwi. Mwenye biashara anaweza kumtaka fundi atume pakiti ya majaribio iliyofungwa ndani ya handaki kutoka nje, kisha amwonyeshe kihesabio cha kanuni mpya. Kikibaki sifuri, malipo ya kazi hiyo yasubiri.