Kujaza Fomu za Wafadhili kwenye Kompyuta za Linux

Katika toleo hili tumeona ni vema kueleza jambo ambalo kamati za sharika zimekuwa zikituuliza mara kwa mara. Kwa nini fomu za kielektroniki zinazotumwa na wafadhili hukataa kufunguka kwenye kompyuta zetu zenye mfumo wa Linux? Na kwa nini nyingine hufunguka na kujazwa vizuri, lakini humfikia mfadhili zikiwa tupu?

Jambo hili si la mafundi peke yao. Mwaka jana usharika wetu mmoja ulituma taarifa ya awamu ya kwanza ya mradi wa matangi ya maji ya mvua. Kazi ilikuwa imefanyika na hesabu zilikuwa zimekaguliwa. Mfadhili aliifungua fomu akakuta maswali yote yapo na majibu hayapo. Fedha za awamu ya pili zilisimama hadi taarifa ilipopokelewa upya, na wakati huo mvua za vuli zilikuwa zimeshaanza. Maji ambayo yangeingia kwenye tangi la pili yalipita mtaroni.

Kwa nini tunatumia Linux

Kila kompyuta huendeshwa na programu kuu inayoitwa mfumo endeshi. Wengi wetu tulijifunza kompyuta kwenye Windows. Linux ni mfumo mwingine, ulioanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki nchini Finland. Mfumo huu hupatikana bure, na mtu yeyote anaruhusiwa kuunakili na kuuboresha. Linux ina matoleo mengi. Linalotumika katika ofisi zetu ni Ubuntu, lililoanza kutolewa mwaka 2004.

Sababu za kuutumia ni za kawaida kabisa. Kompyuta nyingi za sharika ni zile zilizokwisha kutumika, na nyingine ni zawadi za sharika rafiki wa ng'ambo. Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inadai vifaa ambavyo mashine nyingi za zamani hazina. Linux huziwezesha mashine hizo kuendelea kufanya kazi kwa usalama bila kununua leseni. Aidha, virusi vingi vinavyosambazwa kwa flashi vimetengenezwa kwa ajili ya Windows, hivyo havifanyi kazi kwenye Linux.

Wala programu huria si ngeni kwetu. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, walitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili. LibreOffice tunayotumia leo kuandikia barua na kupangia bajeti ilitokana na OpenOffice mwaka 2010.

Fomu za PDF ni za aina mbili

Fomu nyingi za wafadhili huja kama faili za PDF. Faili za namna hii zilibuniwa na kampuni ya Adobe mwaka 1993, na mwaka 2008 zikawa kiwango cha kimataifa ambacho mtu yeyote anaweza kukitengenezea programu. Kwa hiyo kusoma PDF kwenye Linux hakuna shida. Shida iko kwenye kujaza, kwa sababu fomu za PDF ni za aina mbili, nazo kwa jina la faili hazitofautiani.

Aina ya kwanza huitwa AcroForm. Hii ni kama fomu ya kawaida ya karatasi: kurasa zimekwisha kuchapwa, na juu yake vimewekwa visanduku vya kujazia. Programu za Linux kama Okular, Evince na Firefox huifungua na kuijaza.

Aina ya pili huitwa XFA. Hii ni kama bahasha. Ndani yake kuna maelekezo ya namna ya kuijenga fomu, na programu inayoifungua ndiyo inayotakiwa kuijenga palepale. Faida yake ni kwamba visanduku vinaweza kuongezeka kadiri unavyoandika. Hasara yake ni kwamba programu isiyofahamu maelekezo hayo huonyesha kile kilichoandikwa juu ya bahasha tu, nacho ni ukurasa mmoja wa Kiingereza unaomwomba msomaji asubiri kidogo.

Hapa ndipo watu wengi wanapopoteza muda. Katibu akiona ameombwa kusubiri hudhani mtandao uko chini, naye husubiri kweli, au huishusha fomu upya mara tatu na kumaliza kifurushi cha intaneti. Ukiona ukurasa huo, fahamu kuwa mtandao hauna kosa na faili haijaharibika. Programu uliyofungulia ndiyo isiyojua XFA.

Zamani dawa ilikuwa kuweka Adobe Reader, lakini toleo la mwisho la programu hiyo kwa Linux lilitolewa mwaka 2013. Nafuu ilikuja Oktoba 2021, kivinjari cha Firefox kilipoanza kufungua fomu za XFA katika toleo lake la 93. Hivyo, kwa kompyuta zetu, Firefox mpya ndiyo programu ya kujaribu kwanza.

Kwa nini fomu iliyojazwa huonekana tupu

Kisanduku cha fomu hubeba vitu viwili: jibu lenyewe, na picha ya jibu hilo, yaani jinsi maneno yanavyotakiwa kuonekana kwenye ukurasa. Programu nzuri huhifadhi vyote viwili. Nyingine huhifadhi jibu na kuacha picha, kwa kutegemea kwamba programu ya mpokeaji itaichora. Kama programu ya mpokeaji nayo haichori, bali huonyesha tu picha iliyomo, mpokeaji huona kisanduku kitupu ingawa jibu limo ndani ya faili.

Hilo ndilo lililotokea kwenye taarifa ya matangi. Majibu yote yalikuwemo, wala hakuna aliyeacha kujaza. Kwa sababu hiyo, kuifungua fomu tena kwenye programu ileile uliyojazia hakuthibitishi kitu. Inabidi uifungue kwa programu nyingine.

Hatua za kufuata

1. Hifadhi kwanza. Usijaze fomu ukiwa ndani ya barua pepe. Ishushe, iweke kwenye jalada la mradi, kisha tengeneza nakala ya kujazia na kuiacha ya awali ikiwa safi.

2. Tambua aina ya fomu. Ifungue kwa Firefox. Visanduku vikionekana, endelea. Anayeweza kutumia dirisha la amri aandike pdfinfo na jina la faili. Kwenye mstari wa Form ataona AcroForm, XFA au none. Neno la mwisho maana yake ni kwamba hakuna visanduku kabisa, hivyo fomu ichapwe kwenye karatasi, ijazwe kwa mkono na kuskaniwa.

3. Andika majibu marefu pembeni. Maelezo ya mradi yaandikwe kwanza kwenye LibreOffice, yasomwe na kamati, ndipo yanakiliwe kwenye fomu. Umeme ukikatika hampotezi kazi ya siku nzima. Fanyeni hivyo pia kwa fomu zinazojazwa moja kwa moja kwenye tovuti ya mfadhili.

4. Hakiki jumla kwa kikokotoo. Fomu nyingi za bajeti hujumlisha zenyewe, lakini baadhi ya programu za Linux hazitekelezi hesabu zote zilizomo. Kama jumla haibadiliki unapobadilisha kiasi, usiitume hivyo. Ifungue kwa programu nyingine. Angalieni pia alama za tarakimu. Ujerumani na nchi nyingi za Ulaya huandika nukta mahali ambapo sisi huweka koma kutenganisha maelfu, na koma kwao ni alama ya desimali. Shilingi 1,500 inaweza kusomwa kuwa moja na nusu. Ni salama kuandika 1500 bila alama yoyote, isipokuwa fomu ikielekeza vingine.

5. Hifadhi, funga, kisha fungua kwa programu nyingine. Uliyejazia Firefox, fungua kwa Okular au Evince. Kama ni XFA, ambayo programu hizo haziwezi kuionyesha, omba ofisi yenye Windows na Adobe Reader ikufungulie. Pitia ukurasa kwa ukurasa, hasa mwisho wa visanduku virefu ambako maneno huweza kukatwa.

6. Tengeneza nakala ya kusomwa tu. Nenda kwenye kuchapa, lakini badala ya printa chagua kuchapa kwenye faili ya PDF. Utapata nakala ambayo majibu yamekuwa sehemu ya ukurasa, hivyo yataonekana kwenye kompyuta yoyote na hata kwenye simu.

7. Tuma zote mbili. Nakala ya kusomwa tu haitoshi peke yake, kwa sababu baadhi ya wafadhili wana mifumo inayochukua majibu kutoka kwenye visanduku na kuyaingiza moja kwa moja kwenye kumbukumbu zao. Andika katika barua kwamba fomu ni ileile kwa namna mbili.

8. Sahihi iwe ya mwisho. Kama fomu inadai sahihi ya kielektroniki, itiwe baada ya kila kitu kuhakikiwa. Fomu ikibadilishwa baada ya kusainiwa, sahihi hiyo inaweza kuonekana batili.

Kwa fomu za Word na Excel, LibreOffice hufungua nyingi bila matatizo. Zinazosumbua ni zile zenye programu ndogo ndani yake, maarufu kama makro, kwani si zote zinazofanya kazi kwenye LibreOffice. Mkikutana na fomu ya namna hiyo, msiijaze nusunusu. Itumeni ofisi ya miradi mapema.

Ombi letu kwa wafadhili

Tunawashukuru wabia wetu kwa kuendelea kupunguza wingi wa makaratasi. Pamoja na shukrani hizo, tunaomba mambo manne.

Kwanza, tumieni fomu za AcroForm badala ya XFA. Hata kiwango cha PDF cha mwaka 2017 kiliitaja XFA kuwa njia inayoachwa, hivyo badiliko hili litawasaidia watu wengi zaidi ya sisi. Pili, kabla ya kusambaza fomu mpya, ijaribuni kwenye kompyuta isiyo na programu za Adobe. Ni kazi ya dakika kumi. Tatu, fomu ikiwafikia ikiwa tupu, tuulizeni kabla ya kuihesabu kuwa haijajazwa. Kamati iliyokaa vikao vitatu kuandaa taarifa haiwezi kutuma kurasa tupu kwa makusudi. Nne, ikubalini nakala ya kusomwa tu kuwa imefika kwa wakati, hata kama visanduku vitashughulikiwa baadaye.

Twasema hivi kwa sababu fomu ni mlango. Mlango unaofunguka kwa mwenye kompyuta mpya peke yake humwacha nje mwenye ya zamani, na mara nyingi huyo wa nje ndiye mradi ulikusudiwa kumfikia.

Kwa kamati za sharika

Tunashauri kila kamati iteue watu wawili wa kushughulikia fomu, mmoja wa kujaza na mwingine wa kuhakiki kwenye programu ya pili. Ni utaratibu uleule mnaoutumia kuhesabu sadaka: hahesabu mtu mmoja peke yake. Aidha, fomu ijaribiwe siku ileile inapopokelewa, hata kama tarehe ya mwisho ni miezi miwili mbele. Tatizo likigundulika mapema, simu moja hulimaliza, lakini likigundulika usiku wa mwisho linaweza kugharimu mradi mzima.

Ofisi ya miradi iko tayari kupokea fomu yoyote inayowasumbua. Leteni faili yenyewe kwa flashi au kwa barua pepe, si picha ya skrini peke yake, ili tuweze kujua ni ya aina gani na kuwarudishia ikiwa inajazika.