Kopo la Senene kwenye Meza ya Chai

Kuanzia katikati ya Novemba, ukiingia katika ofisi yoyote ya Dar es Salaam yenye mtu wa Kagera, utasikia swali moja likiulizwa hata kabla salamu hazijaisha: "Ta, habari za nyumbani? Wameanguka?" Anayeuliza huenda ni Mpare au Mmakonde ambaye hajawahi kufika Bukoba. Lakini anajua kwamba senene wakianguka kule, hazitapita siku nyingi kabla kopo moja halijafika hapa, likafunguliwa kwenye chai ya saa nne mbele ya wote.

Wapo wanaoliona jambo hili kuwa la pembeni, la kujaza nafasi kati ya barua mbili. Mimi naliona kuwa miongoni mwa mambo mazito yanayotokea kazini kwetu. Watu wanaweza kukaa chumba kimoja miaka mingi wakijuana kwa vyeo, kwa mikopo ya SACCOS na kwa michango ya harusi, wasijue mwenzao alikulia wapi wala mama yake alikuwa akipika nini. Siku anapoleta chakula cha kwao cha msimu, hapo ndipo wanapomjua.

Senene ni mfano mzuri kwa sababu safari yake ni ndefu na haina njia ya mkato. Msimu mkubwa ni Novemba na Desemba, wakati wa mvua za vuli. Mdogo huja Aprili na Mei. Zamani ilikuwa kazi ya alfajiri. Kina mama na watoto waliamka kabla ya jua kuwaokota kwenye majani yenye umande, wadudu wangali wamezubaa kwa baridi. Siku hizi, hasa mjini, imekuwa biashara ya taa. Mabati husimamishwa kwa mshazari juu ya mapipa, taa kali huwashwa, majani mabichi huchomwa yatoe moshi. Senene hufuata mwanga, huduwaa, hugonga bati na kuteleza hadi ndani ya pipa. Wanaokesha hapo huondoka asubuhi na magunia.

Kazi yenyewe inaanza baada ya hapo. Kila senene, mmoja mmoja, hunyonyolewa mabawa, miguu na vipapasio. Hakuna mashine iliyozoeleka ya kazi hii; ni vidole tu. Ndoo moja hukalisha familia nzima kwenye mkeka jioni yote, na vidole huachwa na ute wa kijani usiotoka kwa maji matupu. Kisha hutiwa kwenye sufuria bila mafuta, maana wanayo ya kwao: senene mkavu hukaribia nusu ya uzito wake kwa mafuta, na zaidi ya theluthi ni protini. Chumvi, pengine kitunguu, basi. Wa kuliwa nyumbani huachwa laini. Wa safari hukaushwa zaidi, hadi walie wakitafunwa, ili wavumilie barabara ya zaidi ya kilomita 1,300 kutoka Bukoba kupitia Kahama, Singida na Dodoma. Zamani walikuja kwenye mifuko ya rambo iliyofungwa mafundo mawili. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Juni 1, 2019, wanakuja kwenye makopo yenye mfuniko, na hilo limewafaa zaidi kwa kuwa hawavunjiki njiani.

Kwa hiyo kopo hilo likitua mezani, lina ndani yake usiku wa mtu fulani na vidole vya shangazi ya mtu. Ndiyo maana mwenyewe halisukumi tu katikati ya vikombe. Hulifungua, akachukua wa kwanza yeye, kisha akaanza kuwakaribisha watu kwa majina.

Hapo ndipo ofisi inapochangamka. Nimeshuhudia mhasibu wa Muleba akimnyoshea kisosi mama mmoja wa masjala, mwenyeji wa Iringa, naye akarudi nyuma hatua nzima. "Mimi hapana, baba. Huyu ana macho." Mhasibu akamjibu kwa upole: "Basi fumba ya kwako, mama." Kicheko kilipotulia, yule mama alichukua mmoja, akamtafuna akiwa amefumba macho kweli, kisha akanyosha mkono akachukua wengine watatu akiwa ameyafumbua. Baada ya hapo akaanza kusimulia kumbikumbi wa utotoni kwao, walivyokuwa wakiwategea kwa kufunika kichuguu na kuwasha mwenge. Kijana wa TEHAMA, mzaliwa wa Sinza, alikuwa akisikiliza mdomo wazi. Kwa muda wa kikombe kimoja cha chai watu watatu waliambiana zaidi ya walivyoambiana kwenye vikao vyote vya robo mwaka ile.

Ukarimu huo una adabu zake. Ya kwanza ni kukaribisha bila kulazimisha. Mtu anaweza kuwa na sababu isiyoonekana. Ng'ambo ya mpaka, kule Buganda, wako watu wa ukoo wa Nsenene ambao hawamli kabisa mdudu huyu, kwa sababu ndiye muziro wao, na baadhi yao wanafanya kazi hapa hapa kwetu. Wengine miili yao hukataa: anayewashwa au kuvimba akila kamba wa baharini anapaswa kuwa mwangalifu na senene, maana protini inayomsumbua kwa kamba ina ndugu yake ndani ya wadudu. Kwa upande wa dini, mlango uko wazi kuliko wengi wanavyodhani. Mambo ya Walawi sura ya 11, inayokataza wadudu wengi, inawaruhusu nzige na panzi, na Waislamu wa Kagera wengi huwala wakiwahesabu pamoja na nzige. Hata hivyo, aliyesema "asante, nimeshiba" ameshajibu. Tusimfuate na kisosi.

Mapenzi ya watu kwa chakula hiki hayana mfano. Novemba 2021 video ilisambaa ikimwonyesha abiria akiuza senene ndani ya ndege ya Uganda Airlines iliyokuwa ikienda Dubai, abiria wenzake wakinyosha mikono kana kwamba wako stendi. Abiria huyo alipata misukosuko na vyombo vya sheria. Mimi nilichokiona kwenye ile video ni nyuso za watu waliokutana na kwao wakati wanakuacha nyuma.

Kagera haiko peke yake. Mtu wa Mtwara akitoka likizo mwezi wa 11 bila korosho za kubanguliwa, ataulizwa alikuwa wapi. Wa Muheza anatarajiwa na machungwa, wa Lushoto na mapeasi na plamu, wa Dodoma na zabibu, wa Kyela na mchele ambao harufu yake hujaza chumba ukiwa bado umefungwa. Wachagga huhama karibu wote kwenda Moshi kwa Krismasi, na Januari hurudi na ndizi nyuma ya gari. Wa Unguja huleta ubuyu na shokishoki. Doriani ningemshauri aiache nyumbani, kwa ajili ya kiyoyozi cha pamoja. Na baada ya Idd, siku ya kwanza ya kurudi kazini, huja visahani vilivyofunikwa kitambaa: visheti, vileja, kaimati zilizobaki na bado tamu.

Ramadhani yenyewe inastahili kuzungumzwa zaidi, kwa sababu hapo mwenye chakula ndiye anayetakiwa kufikiri. Mwezi huu husogea nyuma siku 10 au 11 kila mwaka wa kalenda ya kawaida. Mwaka 2030 utaingia mara mbili, Januari na tena mwishoni mwa Desemba, na kufikia 2032 utaangukia karibu Desemba yote, yaani katikati ya msimu wa senene na wa embe. Ofisi zetu zitakuwa na kopo wazi mezani huku nusu ya watu wamefunga. Zipo ambazo tayari zinajua la kufanya, kwa sababu zimekwishafanya hivyo kwa embe na keki za kuzaliwa. Hawafungui chakula kwenye chumba cha pamoja mchana. Wanatenga fungu la kila aliyefunga, wanalifunga vizuri, na anaondoka nalo saa za kutoka, likawe sehemu ya futari ya nyumbani kwake. Nao waliofunga huwaletea wenzao Wakristo tende na sambusa asubuhi ya pili, au huwaalika kufuturu. Hakuna waraka uliowaagiza. Ningependa ofisi ambazo hazijazoea zianze mapema, kabla kalenda haijazilazimisha.

Lakini kuna watu ambao kopo haliwafikii, nao ndio walionifanya niandike makala hii.

Zamani tarishi, mlinzi na mfagizi walikuwa waajiriwa wa ofisi. Majina yao yalikuwa kwenye orodha moja na ya mkurugenzi, na mchele wa sikukuu ukigawiwa, nao walipanga foleni. Leo ofisi nyingi zimewakabidhi wakandarasi kazi za ulinzi na usafi. Mlinzi anavaa sare ya kampuni nyingine, analipwa na kampuni nyingine, na mara nyingi analipwa kidogo. Kapu la Krismasi au la Idd likija, jina lake halimo. Sherehe ya kufunga mwaka ikifanyika, yeye anafungua geti na kulifunga. Hakuna aliyekaa akaamua kumbagua. Ni karatasi tu zilivyopangwa. Ila yeye analiona kila gari linaloingia na boksi, na anajua kilichomo.

Chakula cha msimu ndicho kitu pekee ninachokijua kazini kinachoweza kuvuka mpaka huo bila kibali cha mtu. Mwenye kopo hahitaji kuuliza idara ya utumishi. Anachukua kisosi, anashuka ngazi, anafika getini. Kinachotakiwa ni kwamba fungu la getini litengwe kwanza, watu wakiwa bado hawajalizunguka kopo. Makombo yaliyobaki saa kumi, nusu yake chumvi na vipande vya miguu, si kukaribishwa. Mama anayesafisha vyoo vya ghorofa ya pili naye aitwe mezani akae, asipewe chake kwenye karatasi akale chumba cha madeki. Ni yeye atakayeviosha vikombe vyetu. Anywe basi na sisi.

Upande wa juu nao una hatari yake. Katika ofisi nyingine kopo la kwanza, lile zuri, hupanda moja kwa moja kwa mkuu wa idara, likiwa zima na halijafunguliwa, na linalobaki ndilo linaloletwa kwa wenzako. Kila mtu anaelewa maana yake, hasa miezi ya tathmini ya utendaji. Nchi hii inajua jinsi ukarimu unavyoweza kugeuzwa: takrima, yaani ukarimu wa mgombea kwa wapiga kura, iliingizwa kwenye sheria ya uchaguzi mwaka 2000, na Mahakama Kuu ikaifuta 2006. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007 haikutungwa kwa ajili ya kisosi cha senene, na isitumike kuwatisha watu wanaokula pamoja. Lakini zawadi iliyofungwa, ya mtu mmoja kwa mwenye madaraka juu yake, haifanani na chakula kilichowekwa wazi mezani kwa wote. Mkuu mwenye busara huletewa kopo ofisini kwake, akashukuru, akalibeba mwenyewe hadi kwenye meza ya chai na kulifungua mbele ya watu. Nimemwona mmoja akifanya hivyo, na tangu siku ile hakuna aliyempelekea tena cha peke yake.

Wala isiwe zamu ya lazima. Pale orodha ya "nani analeta nini" inapobandikwa ukutani, yule mwenye watoto wanne na kodi ya nyumba huanza kukwepa chumba cha chai. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri: kopo moja dogo lililoletwa kwa hiari linatosha watu kumi na wanane, mradi kila mmoja achukue senene wawili watatu.

Basi ndugu zangu wa maofisini, vuli ndiyo hii, na wenzenu wa Kagera wameshaanza kupiga simu nyumbani. Kopo likifika, tengeni la getini kwanza. Na ninyi wakuu wa utumishi mnaoandaa orodha ya sikukuu mwaka huu, ongezeni majina ya walinzi na wasafishaji, hata kama mishahara yao inatoka kwa mkandarasi. Kilo tano za mchele kwa watu sita hazitaiangusha bajeti ya taasisi yoyote.