Gemu za blokicheni: unacheza au unachezewa?

Leo naandika juu ya kitu ambacho vijana wa hapa Ikungi wananiuliza kila tukikaa kijiweni: hizi gemu za "cheza upate sarafu" zina ukweli? Na zinaweza kuwa gemu za kweli, zenye raha na zinazodumu, au ni mtego wa hela tu?

Nianze na ya nyumbani. Mwaka 2024 mdogo wangu alikuwa anagonga kioo cha simu usiku na mchana kwenye gemu moja, jina naliacha. Bando la buku karibu kila siku, kwa miezi. Hela aliitoa kwenye mauzo ya alizeti za mama. Siku sarafu zilipotoka, alichopata hakikufika elfu tano. Mama hakusema kitu, na hiyo ndiyo iliyoniuma.

Kwanza tuelewane. Blokicheni ni daftari, kama la kikoba, ila nakala zake zinatunzwa na watu wengi, kwa hiyo mtu mmoja hawezi kufuta mstari kimyakimya. Kwenye gemu maana yake ni kwamba upanga au mnyama uliyempata anaandikwa kuwa wako, unaweza kumuuza kwa mtu mwingine. Wazo si baya. Lakini daftari halizalishi hela, linaandika tu nani ana nini.

Sasa pigeni hesabu. Wachezaji 100 wakitaka kutoa buku moja moja kwa siku, hiyo ni laki moja. Lazima kuna mtu aliyeiingiza hiyo laki. Kama walioingiza ni wachezaji wapya, nao wamekuja kwa nia ya kutoa, basi kesho zinahitajika laki mbili, keshokutwa zaidi. Watu wapya wakipungua, mchezo kwisha.

Wakubwa wanakumbuka DECI. Watu "walipanda mbegu" wakingoja "kuvuna", mpaka serikali ilipoisimamisha mwaka 2009 na viongozi wake wakafikishwa mahakamani. Hapakuwa na blokicheni pale, ila hesabu ni ileile.

Mfano mkubwa duniani ni Axie Infinity ya Vietnam, iliyoanza 2018. Unapiganisha vinyama, unalipwa sarafu iitwayo SLP. Mwaka 2021 Wafilipino wengi waliigeuza kazi. Kuanza kulihitaji vinyama vitatu, na bei ilipopanda maskini hakuweza kununua. Basi akaazima kwa tajiri, akicheza wanagawana, kama bodaboda anavyopeleka hesabu kwa bosi. Julai 2021 SLP moja ilipita senti 30 za dola. Kufika katikati ya 2022 ilikuwa chini ya senti moja. Machi 2022 wezi wa mtandaoni waliiba zaidi ya dola milioni 600 kwenye mtandao wa gemu hiyo, lakini SLP ilikuwa imeshaporomoka zamani. Zilitengenezwa SLP nyingi kuliko zilizotumika. Wengi walikuja kwa mshahara, na mshahara ulipokata wakaondoka.

Halafu ikaja Hamster Kombat kwenye Telegram, Machi 2024, ikajaza dunia nzima. Sarafu yake ilitoka tarehe 26 Septemba 2024 kwa kama senti moja ya dola, na ndani ya wiki chache ikashuka sana.

Je, haiwezekani kabisa? Inawezekana. Angalieni kibanda cha gemu cha stendi. Unatoa jero, unacheza mpira wa PlayStation, unafungwa, unacheka, unatoa jero nyingine. Mwenye kibanda analipa umeme, maisha yanaendelea. Hakuna aliyekuahidi utajiri, ndiyo maana kibanda hakijafa. Hata drafti ya chini ya mti hailipi mtu, na wazee hawaondoki mpaka giza.

Kwenye blokicheni kulikuwa na Dark Forest, ya mwaka 2020. Unateka sayari katika anga usiloliona lote, na hesabu za siri zinaficha ulipo bila kukuruhusu kudanganya. Haikuwa na sarafu yake ya kuuza. Watu walicheza kwa sababu ilikuwa tamu. Daftari lilifanya kazi ya mchezo, halikufanya kazi ya duka.

Kwa hiyo kabla hujatumia bando lako au saa yako ya kafe, jiulize:

1. Wakiondoa sarafu leo, bado nitaicheza?
2. Hela ya kunilipa anaitoa nani, na yeye anapata nini?
3. Natakiwa kulipa kwanza, au kuleta wenzangu, ndipo nipate?

Ya kwanza ikiwa hapana, hiyo ni kazi, na kazi inapimwa kwa malipo ya saa. Ya pili ikikosa jibu, anayetoa hela ni wewe. Ya tatu ikiwa ndiyo, kimbia.

Na msidanganywe kwamba serikali imeshabariki. Benki Kuu ilitahadharisha wananchi Novemba 2019. Kodi ya zuio ya asilimia 3 kwenye mali za kidijitali ilianza Julai 2024, lakini kukatwa kodi si kulindwa. Ukilizwa, umelizwa.

Mdogo wangu siku hizi yuko kibandani na jero yake. Anafungwa sana, lakini anarudi nyumbani anacheka.

Nawasilisha. Kama kuna mdau aliyewahi kutoa hela halisi kwenye gemu hizi, atuambie alitoa ngapi, na aliingiza ngapi kwanza.